Linki zinapimwaje kwenye Google, na unazipangaje za kwako zikusaidie

Kama una websaiti, hata iwe ndogo ya kurasa tano, lazima ushawahi kuletewa lile tangazo la linki 500 kwa bei ya kutupa na ahadi kwamba mwezi ukiisha uko ukurasa wa kwanza. Usilipe. Sio kwamba linki hazina maana, zina maana sana, ila injini za utafutaji haziangalii idadi peke yake, kila linki inapimwa kivyake: nani kaitoa, katoa nyingine ngapi, kaiweka sehemu gani ya ukurasa, kaiandika kwa maneno gani, na je kaitoa kwa hiari au kalipwa. Ukishaelewa hayo utaona kwamba kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe bure, na nyingine inaanzia humohumo ndani ya websaiti yako.

Nitatumia mfano mmoja ili tusipotezane. Tuseme una nyumba ya wageni Kilindoni, kisiwani Mafia, na websaiti yake ina kurasa za vyumba, bei, safari za kwenda kuogelea na papa potwe, na ukurasa wa namna ya kufika kwa boti kutoka Nyamisati.

Kwanza ujue hesabu ilikotoka

Miaka ya tisini injini nyingi zilikuwa zinategemea zaidi maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe, kwa hiyo mtu akirudia neno "hoteli" mara mia anapanda, matokeo yakawa yamejaa takataka. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliandika kwenye andiko lao la 1998 kwamba hadi Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za kibiashara ni moja tu iliyokuwa inajipata yenyewe kwenye matokeo kumi ya kwanza ukitafuta jina lake. Yaani unaiuliza injini kuhusu injini hiyohiyo na haijioni!

Wao wakaja na PageRank, njia ya kuupa ukurasa alama kwa kuangalia linki. Badala ya kuamini ukurasa unavyojisifia, unaangalia kurasa nyingine ngapi zinauelekeza, halafu na hizo zinazoelekeza zenyewe zinaelekezwa na nani. Ni kama ukitafuta fundi wa kuezeka nyumba, sifa anazojipa fundi mwenyewe unaziacha, unasikiliza waliojengewa, na kati ya hao unamsikiliza zaidi yule ambaye watu wenyewe wanamheshimu. Wazo hili halikuwa jipya kabisa, maana kwenye sayansi Eugene Garfield alishapendekeza tangu 1955 faharasa ya makala kufuatana na zinavyonukuliwa na makala nyingine, na mwaka 1996 Robin Li, ambaye baadaye 2000 alianzisha Baidu, injini ya utafutaji ya China, alishatengeneza RankDex iliyopanga kurasa kwa kutumia linki. Jon Kleinberg, mtafiti wa kompyuta, naye kipindi hichohicho alikuja na njia yake inayotenganisha kurasa zinazolijua jambo na kurasa zinazojua nani analijua, na hizo kurasa za pili watu wanazidharau ila kwa websaiti ndogo ni za dhahabu, nitazirudia huko chini.

Sasa hesabu. Fikiria mtu anazurura mtandaoni, yuko kwenye ukurasa fulani, anabofya linki yoyote bila kuchagua, anafika kwingine, anabofya tena. Uwezekano wa kuendelea kubofya ni 0.85, na ile 0.15 iliyobaki ni kwamba anachoka na kuruka kwenye ukurasa mwingine wowote. Kurasa ambazo mzururaji huyu anakutwa mara nyingi ndizo zenye PageRank kubwa. Namba ya 0.85 ndiyo waliyoitaja wenyewe kwenye andiko lao.

Chukua kurasa tatu tu: gazeti, blogu ya mtu anayependa kupiga mbizi, na nyumba yako ya wageni. Gazeti limeweka linki mbili, moja kwenda kwa blogu na moja kwako. Blogu ina linki moja tu, ya kwako. Na wewe umeweka linki moja kwenda kwa gazeti. Kanuni inasema alama za ukurasa ni 0.15 ukijumlisha na 0.85 mara kile unachopokea, na kila anayetoa anagawa alama zake sawasawa kwa linki zote alizonazo. Anza kwa kuwapa wote 1. Raundi ya kwanza gazeti linabaki 1, blogu inashuka 0.575, wewe unapanda 1.425. Raundi ya pili gazeti linapata 1.36 kwa sababu wewe umepanda, na wewe unashuka hadi 1.06 kwa sababu blogu imeshuka. Endelea kuzungusha, namba zinatulia: gazeti 1.16, blogu 0.64, wewe 1.19.

Hapo sasa angalia vizuri umepata nini kutoka kwa nani, maana hapa ndo watu wengi wanapita haraka. Gazeti lina alama 1.16 lakini linagawa mara mbili, kwa hiyo kwako inafika kama 0.49. Blogu ina 0.64 tu, ila haigawi na mtu, kwa hiyo kwako inafika 0.55. Blogu ndogo imekupa zaidi kuliko gazeti! Na kama ukurasa uleule wa gazeti ungekuwa na linki 100, kwako ingefika kama 0.01, yaani hakuna kitu. Ndo maana linki kwenye ukurasa wa "marafiki zetu" wenye majina mia tatu haikupeleki popote, hata kama websaiti yenyewe ni kubwa.

Hii ni hesabu ya 1998, na Google ya leo imeongeza mambo mengi sana juu yake, lakini wenyewe bado wanaitaja PageRank kati ya mifumo yao ya kupanga matokeo, kwa hiyo msingi haujafa.

Linki mbili za ukurasa mmoja hazina uzito sawa

Ule mgawanyo wa sawasawa uliachwa nyuma. Google wana hatimiliki ya uvumbuzi (patent) waliyoiomba 2004 ikatolewa 2010, inamwelezea mzururaji mwenye akili timamu, yaani mtu habofyi ovyo, anabofya linki inayomvutia. Kwa hiyo linki iliyo katikati ya aya, yenye maneno yanayoeleweka, inayoendana na mada ya ukurasa, inaweza kupewa uzito kuliko ile iliyofichwa chini kabisa ya ukurasa pamoja na masharti ya matumizi. Hatimiliki sio ushahidi kwamba kitu kinatumika vilevile kilivyoandikwa, ila inakuonyesha wanafikiria nini, na inaendana na akili ya kawaida.

Kipimo changu ni rahisi na nakishauri kwa kila mtu: jiulize je msomaji halisi atabofya hii linki? Kama jibu ni hapana, usiitegemee.

Maneno ya linki ni kitu kingine kizito. Injini inayasoma ili kujua ukurasa unaoelekezwa unahusu nini. Mtu akiandika "kwa saa za kuondoka angalia ratiba ya boti ya Nyamisati kwenda Mafia" na hayo maneno ya ratiba ndo linki, ameieleza Google kila kitu. Akiandika "bofya hapa", hajaieleza chochote. Kama linki ni picha, basi yanasomwa yale maelezo ya picha unayoyaweka kwenye alt, kwa hiyo usiyaache wazi.

Nguvu ya maneno haya ilionekana vibaya mwaka 2003, watu wengi walipokubaliana kuweka linki kwenda kwenye wasifu wa George W. Bush kwenye websaiti ya Ikulu ya Marekani kwa maneno yenye maana ya mtu aliyeshindwa vibaya, na kweli ukitafuta maneno hayo ukurasa wake ulikuwa wa kwanza ingawa ndani yake hayakuwemo kabisa. Google walikuja kulizima hilo kwa algorithimu, yaani kanuni za kompyuta, Januari 2007. Na leo ukiwa na linki mia zote zina maneno yaleyale "hoteli nzuri bei nafuu Mafia", hiyo inatosha kukutilia mashaka, sababu watu wa kawaida hawaandiki hivyo, mmoja atataja jina lako, mwingine ataweka anwani tupu, mwingine ataandika "tulipolala".

Anza na linki za ndani, hapa hakuna wa kukuzuia

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu ndo sehemu watu wanaiacha kabisa wakati wanahangaika kuomba linki kwa wengine. Kurasa zako zinagawiana alama zenyewe kwa zenyewe kwa kanuni ileile, kwa hiyo ukizipanga vibaya unaziua na mkono wako.

Chukua karatasi uandike kurasa zako zote. Kila ukurasa, andika ni kurasa gani nyingine za kwako zinauelekeza. Utakuta ukurasa wa mwanzo unaelekezwa na wote, halafu kuna ukurasa mmoja ulioutolea jasho, mfano ule wa papa potwe wenye picha na maelezo ya msimu, hauelekezwi na hata mmoja, uliuandika ukau-share kwenye status ukasahau. Ukurasa wa namna hiyo ni yatima. Mzururaji wetu hawezi kuufikia kwa kubofya, na roboti ya Google, ile programu inayopita ikisoma kurasa, inaweza isiuone, au iuone kupitia ramani ya websaiti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako) lakini isipewe sababu ya kuona kwamba ni muhimu.

Kuurekebisha ni kazi ya nusu saa. Nenda kwenye ukurasa wa vyumba, pale ulipoandika kwamba wageni wengi wanakuja kati ya Oktoba na Machi, ongeza sentensi: wengi wao wanafuata msimu wa papa potwe, na maneno "msimu wa papa potwe Mafia" uyafanye linki. Ukurasa wa boti nao, mtu akishajua anafikaje, swali linalofuata ni atalala wapi na atafanya nini, kwa hiyo weka linki mbili hapo, kwa vyumba na kwa safari. Na ule wa papa potwe urudishe kwa bei. Usiweke linki ishirini kwenye kila aya, si umeona hesabu inavyogawanyika, weka zile ambazo msomaji wa pale atazihitaji kweli.

Halafu angalia ukurasa gani wa kwako ndo unapendwa na watu wa nje. Ingia Search Console, kifaa cha Google kwa wenye websaiti, ni bure, ukishathibitisha kwamba websaiti ni yako utakuta kwenye menyu ya pembeni, chini kule, ripoti ya linki. Inakuonyesha linki za nje zimeelekea kurasa zipi, zimetoka websaiti zipi, zina maneno gani, na upande mwingine linki za ndani. Mara nyingi unakuta ukurasa unaopendwa sio ule wa kuuza, ni ule wa boti, kwa sababu watu wanahitaji ratiba. Vizuri tu, huo ndo mlango wako, toka hapo weka linki kwenda kwenye ukurasa unaotaka upande.

Linki iwe linki kweli. Google wenyewe wanasema linki wanayoweza kuifuata bila shida ni ile ya `<a href="/papa-potwe">`, sio kitufe kilichotengenezwa na JavaScript kinachobadilisha ukurasa bila href. Wanaotengenezewa websaiti na vijana wa template za kisasa waangalie sana hili, menyu inafunguka vizuri kwenye simu kumbe kwa roboti haipo. Namna ya kujua, kwenye kompyuta weka mshale juu ya linki ubofye kulia, ukiona unapewa chaguo la kuifungua kwenye tabu mpya, kwa kawaida ni linki halali, usipoliona muulize aliyekutengenezea.

Kuna kitu watu bado wanafundishana, eti weka nofollow (alama ya kuiambia Google kwamba linki hii hujaidhamini) kwenye linki zako za ndani za "wasiliana nasi" na "masharti" ili nguvu iende kwenye kurasa muhimu. Acha. Zamani ilikuwa inafanya kazi, ukurasa wenye linki kumi ukizifunga tano basi tano zilizobaki zinagawana zote, lakini Matt Cutts wa Google alieleza mwaka 2009 kwamba walishabadilisha, zile tano zilizofungwa mgao wao unapotea tu hewani, hauendi kwa wenzake. Kwa hiyo unajipunguzia bure.

Na ukibadilisha anwani ya ukurasa, mfano ilikuwa /boti ukaifanya /jinsi-ya-kufika, usiache ile ya zamani ife. Weka redairekti ya kudumu, ile ya 301 inayompeleka mtu moja kwa moja, kutoka ya zamani kwenda mpya. Kila mtu aliyewahi kukuwekea linki kwenye anwani ya zamani, linki yake itaendelea kukuhesabia. Ukiiacha ife, inaishia kwenye 404, yaani ukurasa haupo, na umeitupa. Hili linauma zaidi pale mtu anapobadilisha websaiti nzima, anakuja na mpya inang'aa, kurasa zote zina anwani mpya, na linki za miaka minne zote zimekatika siku moja. Kabla ya kuhama fungua ile ripoti ya linki, andika anwani zote zenye linki za nje, na umpe fundi wako orodha hiyo mkononi.

Alama unazoweka kwenye linki za kwenda nje

Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuhusu rel="nofollow", sababu ilikuwa ni spamu za kwenye komenti, watu walikuwa wanamwaga linki zao kwenye kila blogu ili wapande. Ukiiweka unamwambia Google kwamba linki hii sijaidhamini. Septemba 2019 Google wakaongeza mbili: rel="sponsored" kwa linki za kulipiwa, na rel="ugc" kwa zile zinazoandikwa na wasomaji kwenye komenti. Wakasema pia kuanzia hapo zote tatu wanazichukulia kama dokezo, sio amri, yaani wanaweza kuamua wenyewe wazihesabu au wasizihesabu.

Kwa hiyo kama kampuni ya boti imekulipa uwatangaze, weka sponsored. Kama ni ukurasa wa hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, na unawaelekeza wageni huko wakasome masharti, weka linki ya kawaida bila alama yoyote, msomaji anafaidika na wewe unaonekana mtu unayejua unachokiongea. Hofu ya kwamba ukitoa linki nje unavuja imewafanya watu waandike makala ndefu zisizoelekeza popote, na mimi nikisoma makala ya namna hiyo siiamini.

Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, linki zake zote za nje zina nofollow. Usiende kule kujipachika, watakufuta na wana haki. Lakini mtu mwingine akikutaja kama chanzo cha habari, ni vizuri bado, kwa sababu waandishi na watafiti wanapita pale halafu wao ndo wanakuja kukuwekea linki kwenye kazi zao.

Kupata linki za nje kwa njia ya halali

Shida ya kwetu ni hii: sifa zetu zinaishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mgeni karudi Dar kafurahi, anaandika kwenye grupu la familia na la kazini, watu hamsini wanasoma, wanatumiana namba yako ya simu. Roboti ya Google haiingii kwenye grupu la WhatsApp, haioni chochote. Kwenye Instagram pia watu wanakutaja kwa jina la akaunti, sio kwa linki ya websaiti. Biashara inaenda, ila ukitafuta kwenye Google unawakuta mawakala wa nje ambao wameandikwa na blogu mia za wasafiri, wewe mwenye nyumba haupo.

Kwa hiyo kazi yako ni kuzihamisha hizo sifa zikae mahali zinaposomeka. Tafuta jina la nyumba yako kwenye Google ukiliweka ndani ya alama za kunukuu. Kila ukurasa unaokutaja bila linki, waandikie ujumbe mfupi wa heshima: asante kwa kututaja, tunaomba kama inawezekana muweke anwani yetu ili wasomaji watupate. Hawa tayari wanakupenda, wengi wanakubali, na hujamlipa mtu.

Halafu tengeneza kitu ambacho mtu atataka kukielekeza hata kama hana shida na vyumba vyako. Ukurasa wa boti ya Nyamisati na Kilindoni unaousasisha kila ratiba ikibadilika, wenye nauli, unapata wapi tiketi, bahari inachafuka miezi gani, ukiweka na tarehe uliyousasisha mara ya mwisho, huo utaelekezwa na kila anayeandika kuhusu kwenda Mafia. Uandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila lugha ukurasa wake. Kwa Kiswahili habari za namna hii zilizoandikwa vizuri ni chache mno, na hiyo ni nafasi yako.

Nilisema nitarudi kwa Kleinberg. Zile kurasa zinazojua nani anajua, yaani kurasa za orodha zilizochaguliwa na mtu mwenye ujuzi, ndo za kuzitafuta: blogu ya wapiga mbizi yenye ukurasa wa "sehemu za kuona papa potwe", idara ya chuo inayofanya utafiti wa bahari na ina ukurasa wa taarifa kwa wanaokuja kisiwani, shirika la uhifadhi lenye orodha ya nyumba zinazofuata taratibu za kuwatazama papa bila kuwasumbua. Mmoja wa hao ana thamani kuliko saraka mia, zile orodha za websaiti zinazopokea kila anayekuja. Wakiwa wanatoa ripoti ya PDF pia ni sawa, Google wanasoma linki za ndani ya PDF kama za ukurasa wa kawaida, kwa hiyo mtafiti aliyelala kwako mwombe kwa adabu aweke anwani pale anapowashukuru wenyeji.

Namba zile za kampuni za kupima, Domain Authority ya Moz au Domain Rating ya Ahrefs, zitumie kulinganisha tu. Sio za Google na Google hawazitumii. Ile alama ya Google yenyewe, ya 0 mpaka 10 iliyokuwa inaonekana kwenye upau wa kivinjari, iliondolewa 2016, na mojawapo ya madhara yake ilikuwa hilohilo, watu walikuwa wanauziana linki kwa kuangalia namba.

Linki za kununua na zile chafu

Februari 2011 gazeti la New York Times lilichunguza kwa nini J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilikuwa la kwanza kwa karibu kila kitu kuanzia magauni mpaka mazulia. Zikakutwa linki nyingi mno kwenye websaiti ambazo hazihusiani kabisa na bidhaa zake. Kampuni ikasema haikujua na ikaachana na wakala wake, lakini Google walishachukua hatua: kwa neno moja la mabegi ya safari lilikuwa namba 1 jioni, saa mbili baadaye lilikuwa namba 71. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, ikaja algorithimu ya Penguin iliyoanza kufanya kazi hiyo kwa websaiti nyingi kwa mpigo, na tangu Septemba 2016 inafanya kazi muda wote ndani ya mfumo mkuu, na badala ya kuishusha websaiti nzima zaidi inazipuuza linki zenyewe. Ina maana pesa uliyotoa inaweza kuwa imenunua sifuri.

Yandex, injini ya utafutaji ya Urusi, walijaribu njia kali zaidi, mwisho wa 2013 walitangaza kwamba wataacha kuhesabu linki kwa baadhi ya utafutaji wa kibiashara Moscow, wakaanza 2014. Mwaka 2015 wakazirudisha, lakini pamoja na algorithimu ya Minusinsk inayowaadhibu wanaonunua. Mimi naona jaribio lile linasema mengi: soko la linki linawasumbua wote, ila kuziacha kabisa nako hawakuweza.

Uzito wa linki umepungua, hilo ni kweli. Mwaka 2016 Andrey Lipattsev wa Google alizitaja linki pamoja na maudhui kama vitu vikubwa kabisa, na mwaka 2024 Google walipohariri mwongozo wao wakaliondoa neno "muhimu" pale waliposema linki ni kigezo. Kwa utafutaji mdogo kama "kulala Kilindoni", ukurasa uliojibu swali vizuri na una linki chache safi unaweza kushinda, hauhitaji mia.

Sasa ukifungua ripoti ukakuta linki za ajabu, kamari, dawa, lugha usizozijua, usishtuke. Kila websaiti inazo, na kama hukuzinunua Google kwa kawaida wanazipuuza tu. Kifaa cha Google cha kuzikana, yaani kuwaambia wasizihesabu, kipo tangu Oktoba 2012, ila kimewekwa kwa ajili ya aliyenunua au aliyewahi kumlipa mtu akamnunulia, na ukikitumia ovyo unaweza kuzikana linki nzuri zilizokuwa zinakubeba. Fungua kwanza sehemu ya adhabu za mikono (Manual actions, zinazotolewa na mtu wa Google, sio kompyuta) ndani ya Search Console. Ikiwa imeandikwa hakuna tatizo, funga uendelee na linki zako za ndani. Ikiwa kuna adhabu ya linki, waandikie walioziweka wazitoe au waweke sponsored, hifadhi nakala za hizo barua pepe, zile ambazo wenyewe hawajibu ziweke kwenye faili la maandishi, mstari mmoja kwa kila domeini (jina la websaiti) ukianza na neno domain: bila nafasi, lipakie kwenye kile kifaa cha kuzikana, halafu tuma ombi la kuangaliwa upya ukieleza ulinunua wapi, umeondoa zipi na zipi zimeshindikana. Jibu litakuja humohumo kwenye Search Console, na linaweza kuchukua siku au wiki kadhaa, usitume ombi la pili kabla la kwanza halijajibiwa.